Wifi na Jino la Kukatia Uzi

Wifi yangu ni fundi cherehani. Mkasi anao, lakini huo ni wa kitambaa. Uzi anakata kwa jino moja la mbele, hilohilo tangu tukiwa wasichana, wakati ananidharau kwamba nimeolewa na kaka yake na kifungo sijui kushona.

Basi fizi zikamvimba, zikatoa damu, jino likawa linacheza. Daktari wa meno akamsafisha, akamwambia, "Mama, uzi kata kwa mkasi."

Alirudi amenuna. "Kanitukana, wifi! Mimi nikate uzi kwa mkasi kama mwanafunzi?"

Mimi shule sikukaa sana, lakini manemane naijua, ule utomvu mkavu wa mti, bibi yangu aliitumia. Nikamwambia: saga, koroga kwenye maji ya vuguvugu, sukutua, tema. Ni chungu, usiulize. Akasukutua huku ananilaani, na fizi zikatulia. Jino lenyewe likaendelea kucheza. Angeshukuru kwa fizi, tungeishia hapo, lakini wifi akishukuru ataugua.

Akaleta akili zake. Utomvu si unanata? Akatafuna donge la ubani, nao ni utomvu, likalainika, akalibandika kuzunguka jino, akafunga mdomo.

"Wifi, hiyo dawa, siyo gundi."

Akanitolea macho.

Mchana akaja mteja wake, mlinzi wa benki, mtu wa maneno.

"Fundi, suruali tayari?"

"Mmh."

"Ile nyingine ulinibana kiuno, unakumbuka?"

"Mmh."

Akanigeukia. "Mama, fundi mgonjwa? Leo hajanigombeza!"

Wifi akainua suruali amkabidhi, akaona uzi unaning'inia kwenye pindo. Mazoea yana tabu. Akainama, akang'ata, akavuta.

Uzi haukukatika. Mlinzi akapokea suruali yake, akaisogeza karibu na macho.

"Fundi, kifungo hiki sikuagiza."

Lilikuwa jino, limekaa juu ya pindo na ubani wake, limenata barabara.

Sasa wifi akapata mdomo. "Wewe na madawa yako!"

"Mimi niliahidi fizi," nikamjibu. "Jino sikuliahidi."

Nikamnunulia kimkasi kidogo, nikakiweka juu ya cherehani. Kipo mpaka leo, kimefunikwa na vumbi la chaki. Uzi anakata kwa jino lililo jirani na pengo. Na kila asubuhi anajificha nyuma ya nyumba anasukutua manemane, anadhani mimi harufu siisikii.