Mkono wa Kuotesha Nywele

Harufu ya uwatu ikinifikia, popote nilipo, hunirudisha kwanza kwenye treni iliyotutoa mji wa Kongolo. Tulisimama porini mchana kutwa, tukila samaki mkavu, na kila mama alipofungua kitambaa chake cha kichwa, nywele nyingine zilibaki ndani. Homa ya matumbo ilikuwa imemwachia uhai ikaondoka na nywele. Naye alikuwa msusi. Lubumbashi tulikuwa tunakwenda ili aishi kwa kusuka.

Waswahili husema mganga hajigangi. Watu wa Katuba, mtaa tuliohamia Lubumbashi, hawakumsamehe mama kwa hilo. Kule mwanamke huchagua msusi kwa mkono: kuna mkono unaootesha nywele na mkono unaozikausha, na kichwa cha msusi ndicho shahidi. Mteja wa kwanza aliona kitambaa kikiteleza, akainuka na kitana chake. “Pole, mama. Yako yenyewe inakimbia, yangu itabakia?”

Mama akajitibu kwa kitu alichokiamini kuliko vyote: mawese. Mto wa kulalia ukawa mwekundu, sisimizi wakapanga mstari hadi kitandani, nami nikawa nanuka darasani kama chungu cha sombe, kisamvu cha kwetu. Jirani yetu Mama Zaina, Mwislamu wa ukoo wa wafanyabiashara waliotoka pwani kupitia Maniema, alichungulia uani akacheka hadi akashika ukuta.

“Mama Kazadi, unapika kichwa ao sombe?”

“Cheka tu. Mawese iko dawa.”

“Dawa ya njaa! Kuya hapa, nikuonyeshe.”

Bibi yake alikuwa amefundishwa Ayurveda, tiba ya jadi ya Wahindi, na mke wa mwenye duka wa Kihindi. Mama Zaina alipasha mafuta ya nazi kwa moto mdogo, pamoja na mbegu za uwatu na maua mekundu ya uzioni. Akakataza misuko ya kubana na kulala kwa kuchelewa. Kila asubuhi, juani, nilimsugua mama kichwa kwa ncha za vidole, mafuta yakiwa vuguvugu. “Polepole, papa,” alinung'unika mama, akiniita kama mama wa kule wanavyowaita wana wao, maana nilisugua kama asongaye ugali. “Hii haiko bukari unasonga!”

Mvua zilipoanza, vikaota vinywele laini kama manyoya ya kifaranga. Hapo mama akafanya nisilolitarajia: alivua kitambaa, akaketi mlangoni kichwa wazi, mapengo na yote, ili wapitao waone kinavyoota juma kwa juma. Walicheka. Kisha wakazoea kusimama, wakagusa. Yule mteja wa kwanza akarudi na kitana chake. “Basi, nipe ile mukono.”

Kwenye panda za uso nywele hazikurudi kamwe. Mama hakuyaficha mapengo hayo.

Sasa nimevuka miaka arobaini, nimehama miji mingi, na kipaji changu cha uso kinapanda kila mwaka, nywele zikirudi nyuma. Madukani nimenunua chupa nzuri zinazoahidi nywele kwa haraka. Hakuna iliyonidai subira, wala kuketi mlangoni. Zamani, asubuhi nilipohama Lubumbashi kabisa, mama alikuwa ameshanitilia chupa ya mafuta begini. Hakusimama kuniaga. Kichwa cha mtu kilikuwa magotini pake, na wengine walingoja kwenye benchi. Alinipungia kwa kidevu, mikono yote miwili ikiwa kazini.