Jibu Nililopewa Mbele ya Mama Mkwe

Jumanne, tarehe kumi na mbili Machi, nilikuwa katika ukumbi wa kanisa tunaouazima mjini Kisumu, nikiendesha kikao cha wanaume waliopewa kifungo cha nje kwa kuwapiga wake zao. Mmoja alishikilia kwamba alimsukuma mkewe tu. Mlango ndio uliomuumiza.

"Basi, bwana, polisi wangeleta mlango hapa," alidakia mchuuzi wa samaki aliyeketi kando yake. "Mkono ni wako. Sema ni wako."

Wenzao walicheka. Niliyaandika maneno hayo daftarini. Mchuuzi huyo alikuwa mwanafunzi wangu bora, na sasa aliomba kurudi nyumbani Luanda Kotieno, alikokatazwa kukanyaga. Afisa wa probesheni alisubiri pendekezo langu. Nilikuwa nalo tayari kabla sijafunga safari ya kwenda kumwuliza mkewe.

Mama mkwe wake, mamake mchuuzi, alitupokea mimi na mke huyo nyumbani kwake, akatuandalia chai, akaketi nasi. Niliuliza. Mke aliinamia kikombe.

"Arudi tu," alisema.

Nikapendekeza arudi.

Majuma mawili baadaye, amri ikiwa bado haijatolewa, nilimkuta mke huyo peke yake ufuoni, akigeuza omena zilizoanikwa juu ya nyavu.

"Mwalimu, wewe ni mtu wa huku ama ulizaliwa Nairobi?"

"Ni wa huku."

"Na umeolewa?"

"Nimeolewa."

"Sasa wewe ungemkataa mtoto wa mtu ukikunywa chai yake?" Aligeuza safu nyingine. "Nikisema asirudi, hiyo boma natoka mimi. Akirudi, napigwa. Wacha akae huko kwanza."

Kazi hii niliisomea chuoni. Adabu ya mkwe sikuhitaji kuisomea. Nimeishi nayo miaka ishirini. Sikuizingatia siku ile kwa sababu jibu lake lilikuwa lile nililolitaka.

Katikati ya Aprili nilimwandikia afisa. Sikunukuu neno lolote la mke, kwa kuwa majalada husomwa na wengi.

"Naondoa pendekezo langu la awali. Mahojiano yangu na mke hayakuwa ya faragha, na kosa hilo ni langu. Naomba mumewe aendelee na vikao akiwa mbali na boma, na mke abaki humo na watoto wake. Ahojiwe upya na mtu mwingine, mahali ambapo wakwe hawapo. Bidii ya mwanamume huyu nimeishuhudia. Isichukuliwe kuwa idhini ya mkewe."