Mwalimu Nakiru amemzuia mkaguzi

Jamani, leo nusura shule yetu ifungwe kwa sababu ya jagi la maji!

Wakaguzi walikuja hapa kwetu Lodwar, chekechea ya Montessori, ambapo mtoto huachwa ajifanyie kazi mwenyewe. Wakitukataa, hatusajiliwi.

Watoto walikuwa wameketi mikekani, kila mmoja na kazi yake. Akai, wa miaka minne, alikuwa akimimina maji kikombeni.

Jagi likamponyoka. Maji yakaruka mpaka kwenye viatu vya mkaguzi mkuu.

Mzee akainama aliokote. Mwenzangu, Mwalimu Nakiru, akamwambia kwa upole:

"Samahani mzee, mwache. Ataweza."

Nikajua tumekwisha.

Akai akaenda kuchukua kitambaa, akapangusa sakafu, akapangusa na viatu vya mgeni. Kisha akamimina tena, polepole. Hakumwaga hata tone.

Mkaguzi akamgeukia Nakiru.

"Nimekagua shule nyingi. Hakuna mwalimu aliyewahi kunizuia."

Akamtazama Akai, akatabasamu.

"Mtoto wangu wa umri huu bado tunamlisha kwa kijiko. Ejok, vizuri sana, Mwalimu! Tumewapitisha."

Nakiru alingoja gari lao liondoke, ndipo akaketi mchangani akalia.

Nyinyi mngethubutu? Mimi, haki ya Mungu, ningeliokota lile jagi.