Mashine Haijaapishwa

Siku yangu ya kwanza kazini, mwaka 1985, sikukabidhiwa kalamu wala karatasi. Nilikabidhiwa kitambaa cha kufutia vumbi. Chumba cha nyaraka kilikuwa ghorofa ya pili ya nyumba ya mawe nyuma ya Forodhani, na madirisha yake ya upande wa bahari tulikatazwa kuyafungua kwa sababu upepo wa chumvi hula karatasi. Mkuu wa Nyaraka, mzee mfupi wa kanzu na kofia iliyotiwa wanga, alinizungusha rafu hadi rafu, kisha akasimama mbele ya kabati lenye kufuli.

"Hili lifute nje tu," akaniambia.

"Ndani mna nini, Sheikh?"

"Makaratasi ya watu. Wenyewe wametupa tuwawekee, hawajatupa tusome. Atakaetaka kusoma, amtafute mwenyewe kwanza."

Nilikuwa mtu mzima, nshaolewa, nina watoto wawili, lakini nilimwona mzee yule bahili. Kitu kinachohifadhiwa bila kusomwa kina faida gani? Nikafuta vumbi, nikaenda zangu.

Baadaye nilihamishiwa kitengo cha kadi, kisha chumba cha kompyuta, ambako Msimamizi wetu alipenda ubaridi kuliko watu na hakuruhusu hata kikombe cha chai kupita mlangoni. Hapo ndipo nilipojifunza kazi ya hifadhi ya kidijitali. Vijana wa sasa hudhani hiyo ni kompyuta yenye nafasi kubwa tu. Ni ghala lenye utaratibu: kila kinachoingia hupewa namba isiyobadilika, maelezo ya nani kakileta na kinahusu nini, na nakala ya akiba mahali pengine, ili mtu akikitafuta baada ya miaka mingi akikute vilevile. Kazi hiyo niliipenda hadi nikawa naiota.

Miaka ya elfu mbili nikaazimwa na kundi la watafiti. Mtafiti Mkuu, kijana wa hapahapa Unguja aliyerudi na udaktari wake, alitaka kuifunza kompyuta itambue shughuli za binadamu kwa kutumia vihisi. Kihisi ni kifaa cha kuhisi mtikisiko. Vyetu vilikuwa na ukubwa wa kiberiti, vimezungushiwa nailoni, vinafungwa kiunoni kwa mkanda. Ukiinama kinaandika, ukitembea kinaandika. Tukikiunganisha na kompyuta hutoka mistari mitatu: wa mbele na nyuma, wa kulia na kushoto, wa juu na chini. Mistari yenyewe haisemi kitu. Lazima mtu aipe jina, "anatwanga" au "anabeba ndoo", ndipo mashine ijifunze kuwa mistari ya namna ile ni kutwanga. Jina hilo tuliliita lebo, na mtoaji wa lebo nilikuwa mimi.

Tulikwenda Uroa, kwa akina mama wanaolima mwani. Mmoja wao nitamwita Bi Tatu, ingawa si jina lake. Alikuwa mcheshi, mwepesi wa mkono, na kihisi chake alikivaa chini ya kanga akawa hakikumbuki tena. Tulikubaliana kila mtu avue ikifika magharibi. Siku moja Bi Tatu hakuvua.

Kesho yake nikaifungua rekodi yake. Kulikuwa na mwani asubuhi, na kupiga makumbi ya nazi alasiri. Halafu, baada ya isha, mistari ikashika mwendo ambao mwili wangu uliujua kabla ya akili. Mimi nilichezwa unyago kabla ya kuolewa. Ile ilikuwa ngoma ya mwali, ya ndani, ambayo mwanamme haioni wala hasimuliwi. Uso uliniwaka moto, nikaigeuza skrini ielekee ukutani.

Nilichelewa. Mtafiti Mkuu alikuwa kasimama nyuma yangu.

"Bi Salma, hii nini? Mashine inasema anapepeta mchele."

"Hapepeti, Daktari."

"Basi anafanya nini?"

"Hii siwezi kuiandika."

Hakunigombeza. Alinieleza kwa upole kwamba kila rekodi ni lazima iingie hifadhini na lebo yake, wazi kwa yeyote, na kwamba tukianza kufuta tusiyoyataka utafiti wote utakuwa wa uongo. Alisema kweli, na ndiyo maana niliumia. Kama mimi siandiki, akasema, wiki ijayo atamtuma mwengine Uroa akaulize. Nami nilijua huyo mwengine ataulizia nyumba hadi nyumba.

Nikaenda Uroa mwenyewe. Bi Tatu aliponisikiliza alikaa chini juu ya kamba za mwani. Binti yake alikuwa anaolewa baada ya Ramadhani, na wa kumfunza alikuwa Somo Mize, mkufunzi wa wari, mabinti wa kuolewa, pale kijijini. Mwanamke anayeitoa ngoma nje hutolewa katika ngoma, na binti yake hafunzwi.

"Ntamwambia nini mwanangu, Bi Salma? Aolewe kama mtoto alieokotwa?"

Alilia, na mimi nikalia naye. Kisha akajifuta kwa ncha ya kanga. "Twende kwake. Bora asikie kwangu."

Somo Mize tulimkuta barazani kwake anakata tambuu. Aliitika shikamoo zetu, akamsikiliza Bi Tatu hadi mwisho bila kumtazama. Kisha akataka kuiona hiyo mistari. Nikaifungua kompyuta niliyokuwa nimeifunga ndani ya kanga. Akapitisha kidole juu ya kioo, taratibu, akasimama mahali.

"Hapa ulikuwa unacheza kivivu, Tatu."

"Nilikuwa nimechoka, Somo. Nilitoka mwanini."

"Kila mtu alitoka mwanini." Akanigeukia mimi. "Mwanamme akitazama hapa anaona nini?"

"Vilima tu, Somo."

"Sasa tatizo liko wapi?"

Ningeweza kunyamaza tukaagana salama. Nikamwambia yote: nikiandika jina, mashine itajifunza, na siku nyengine itaijua ngoma yenyewe, kwa mwanamke yeyote.

Akaitia tambuu yake mdomoni. "Mimi kila nnaemfunza namwapisha kwanza. Hiyo mashine yenu kaiapisha nani?"

"Hakuna, Somo."

"Basi haijaapishwa, haifunzwi." Akamwambia Bi Tatu, kwa sauti ileile, "Mwanao mlete Alkhamisi."

Bi Tatu alimshika magoti.

Nilirudi mjini nikamweleza Mtafiti Mkuu kwamba ni jambo la wanawake. Alikuwa na dada watano, akanifahamu. Nikamsimulia pia lile kabati la siku yangu ya kwanza, ambalo miaka yote sikulifikiria. Nikamwomba rekodi isifutwe: iwekwe, ipewe namba, isipewe lebo, ifungwe, na ruhusa ya kuifungua iwe ya mwenyewe, si yetu.

"Wakubwa wataniuliza," akasema.

"Waambie mwenyewe kakataa."

Akajikuna kidevu, kisha akaketi akaandika kwa mkono wake: Imefungwa kwa ombi la mhusika. Walipomuuliza, alilisimamia neno hilo. Kwa hilo namheshimu mpaka leo.

Nilistaafu miaka michache baadaye, na Bi Tatu ndiye aliyeniruhusu kuyasimulia haya, basi na yasizidi hapa. Kijana aliyerithi kiti changu alikuwa hodari, na rekodi ile iliyofungwa ilimnyima raha. Alisema programu yake mpya ingeitambua mara moja, nimpe tu ufunguo. Nikamwambia ufunguo uko Uroa, nikamwelekeza nyumba ya Bi Tatu.

Alinipitia nyumbani aliporudi, mkononi ana bakuli la pweza wa nazi nililoletewa.

"Kakupa ruhusa?" nikamuuliza.

"Kanipa chai. Kisha akaniuliza kama nshaoa. Nikamwambia bado."

"Akasemaje?"

"Kasema nikipata mchumba nimpeleke kwake, siku hizi somo ni yeye." Akaliweka bakuli mezani. "Kasema mke wangu atajua, na mimi nisimuulize."