Sikio la Ghala la Korosho

Mama huyu alikaa nyumbani miaka tisa akilea watoto, na kiwanda alichokagulia korosho kikafungwa. Sasa wanunuzi binafsi wameingia Newala, naye kapata kibarua cha msimu mmoja ghalani kwetu. Huzamisha mkono guniani hadi kiwiko, akatikisa korosho kiganjani karibu na sikio asikie kama zimekauka, macho kayafumba, anatabasamu. Hata moja haimdondoki.

"Shikamoo, baba. Za juu zinalia vizuri. Hizi za chini umezianika lini?"

Mkulima mzee aliyezileta hucheka, akabeba gunia lake akaanike tena.

Jana tajiri mwenye ghala alimwambia, "Mama, msimu ukiisha usiondoke. Nakuajiri."

Akatega sikio, macho kayafumba. "Rudia, bosi. Hilo neno la kwanza bado lina unyevu."

Tajiri akarudia kwa sauti. Korosho zote za kiganjani zikamponyoka, akacheza ngoma juu yake.