Mashini Isiyokamatwa

Wiki iliyopita nilipanga foleni kwenye dirisha la tribinali, mahakama ya hapa Kindu, nyuma ya muuza mchele aliyetaka mashini ya fundi wa mtaani kwetu ikamatwe kwa deni.

"Mashini ya kushonea haikamatwe, baba," karani alimwambia. "Ile njo mukono yake ya kutafutia chakula."

Muuza mchele alitoka akisonya. Nikasogeza karatasi yangu, iliyodai mashini ileile.

"Njo wewe ulimuuzisha?" karani aliuliza.

"Njo mimi. Hajamaliza bei."

"Basi wewe unaweza. Sheria inakataza wote, isipokuwa ule aliuzisha kitu yenyewe na hajalipwa."

Nakiri nilifurahi. Nikaenda na wisie, yule mkamataji mali wa tribinali, mpaka kwa fundi. Mama yule alikuwa akishona kola. Alitusikiliza, akakata uzi kwa meno, akaniangalia.

"Wakati wa vita ulikuja kwangu na gunia kiunoni. Nilikata rido, pazia ya dirisha yangu, nikakushonea kaptula na shati. Ulisema utalipa vita ikiisha." Akatoa kola kwenye mashini taratibu, ili ibebwe. "Mimi pia niliuzisha, sikulipwa. Lakini ulivaa mpaka ikaisha. Nitakamata nini?"

Wisie akanigeukia. "Tubebe?"

Nguo zile zilichakaa, nikazitupa zamani sana. Lakini pale mlangoni pa fundi ndipo nilipovuliwa.