Siku Mutani Wangu Aliponisalimia kwa Heshima

Matusi yake nimeyazoea. Kilichonitoa roho ni zile adabu. Alisimama mlangoni kwangu, hapa mtaani Kikula, kofia mkononi, akasema, "Jambo, baba. Bantu ba nyumbani biko muzuri?"

Nikashika ukuta. Toka ujana wetu muntu huyu hajawahi kuniita baba. Aliniita mbuzi, gunia la mifupa, siku nyingine sufuria iliyoungua. Akinikuta nakula, anavuta sahani bila kuomba. Ni haki yake. Ukoo wangu ni Mbuzi, wake ni Chui, na kwetu Chui na Mbuzi wana bunungwe, ule utani wa koo tulioukuta kwa wazee. Yeye ananitukana, minye namutukana, hakuna kukasirika. Na kukiwa na kifo, mutani ndiye anayeshika msiba: anachimba kaburi, anachekesha wanaolia mpaka wakumbuke kula. Sasa Chui akikuita baba, ujue amekuacha. Utazikwa na nani?

Mambo yalianza na binti yangu, anayeuza vocha za simu sokoni. Alisoma kwenye simu kwamba kuna revi, gazeti la hadithi la mji wa mbali, linatafuta maandishi, na kila toleo lina neno lake la kuandikia.

"Papa, hii mara neno njo Matusi."

Nikacheka. Shule niliacha mapema, mwalimu alichoka na mdomo wangu, lakini mambo ya matusi nani atanifundisha?

Nikasimulia msiba wa kaka yangu mkubwa. Siku ile mutani wangu aliingia, akajitupa chini kando ya maiti, akapiga kelele: "Amuka, weye muvivu! Umeona zamu ya kazi ya asubuhi inakuja, ukakufa!" Mama yetu, ambaye alikuwa hajafungua mdomo toka kaka akate roho, alicheka. Alicheka na machozi yakamtoka, akaomba maji ya kunywa. Nilitaka kumushukuru muntu huyu kabla hatujafa. Kwa mdomo haiwezekani. Mutani hashukuriwi, atakucheka mpaka ujute.

Lakini minye kwenda moja kwa moja siwezi. Nilianzia kwenye baiskeli ya kaka, ile aliyoipanda kwenda Mulungwishi kuuza mahindi, na wale watu wa Shinkolobwe waliokuwa wakimuomba abebe mifuko yao naye akikataa kwa kuwa breki hazikuwepo, na mvua, na tairi. Mambo ya bunungwe niliyaweka humo humo, katikati ya tairi na mvua. Binti aliandika yote huku akilalamikia vidole.

Wakakubali! Nilitembea Kikula yote nikitangaza. Gazeti lilipotoka kwenye simu, binti akanisomea, na minye nikamuambia arudie. Baiskeli haipo. Mvua haipo. Na bunungwe imekwenda pamoja na mvua. Kilichobaki ni muntu anayeingia katika msiba wa wengine na kutukana maiti. Juu waliandika: "Alimtukana Marehemu Kaka Yangu." Wamenipanga na watu walioumizwa kweli, mwanamke aliyetukanwa na mumewe, yatima. Chini wasomaji wanaandika kwamba mchawi huyo afungwe. Na jina lake silo lililomponza, maana sikuliandika. Ni minye niliyetangaza kila kona kwamba hadithi ni yake.

Ndiyo sababu alikuja na kofia mkononi.

"Karibu, chui bila meno," nikamujaribu.

"Asante, baba."

"Bukari iko mezani," nikasema, nikimwonyesha sahani ya ugali.

"Nimeshiba, baba."

Mungu wangu. Ameshiba!

"Mutoto wangu wa Kolwezi amesoma lile gazeti," akasema. "Alikulia mbali, bunungwe haijui. Ananiuliza kama ni kweli nilitukana maiti."

"Minye nilieleza yote! Balikata!"

"Basi bambie barudishe."

Akavaa kofia, akaondoka. Binti aliwaandikia palepale. Jibu lilipofika nikamuita mutani aje asikie kwa masikio yake. Alikaa kwenye ncha ya kiti kama mgeni wa serikali. Binti akasoma: wanasikitika, nafasi ilikuwa ndogo, toleo hilo limefungwa. Neno la toleo lijalo ni Maji. Mzee akiwa na kumbukumbu yoyote ya maji, atume.

"Kwa hiyo nikuzamishe mutoni kwanza," nikasema, "njo jina lako lisafishwe?"

Akauma midomo. Mabega yakaanza kutikisika.

"Maji? Banamuomba huyu maji?" Akamgeukia binti yangu. "Mbuzi huyu! Shingo yake haijaona maji toka abatizwe!"

Akavuta sahani ya bukari, akala kwa vidole vyote. Nilikaribia kulia. Kisha akapiga simu Kolwezi kwa mutoto wake, akanisukumia. "Ongea, weye uliyeharibu. Mueleze."

Nikaeleza yote, Chui na Mbuzi, kaburi, mama alivyocheka. Mutoto akasikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza taratibu, "Sasa papa akikufa, njo weye utakuja kumutukana?"

Nikashituka upya. Siku zote nilikuwa nawaza kaburi langu tu. Nikamwangalia mutani wangu anavyotafuna, mchuzi kidevuni.

"Eee, mutoto wangu," nikasema. "Vibaya sana."